Donge moja la uzi, kutoka Kigoma mpaka Tabora

Binti yangu alipokuwa na mimba ya kwanza, nilipanda treni kwenda kumwona Tabora nikiwa na blanketi. Si la kujifunika, la kufuma. Rangi nne, madonge manne. Nilijiambia kilomita 400 na ushee zinatosha kulimaliza. Hata Uvinza hatujafika, behewa likashtuka, donge jeupe likanitoka mapajani na kubiringika chini ya viti hadi kwenye dumu la mawese lililokuwa likivuja kifunikoni.

"Pole mama," mwenye dumu akasema, "hayo hayatoki."

Na kweli hayakutoka. Blanketi analo mpaka leo, kona moja ina rangi ya chungwa.

Siku hizi, nikichagua kazi ya kufuma ya kubeba safarini, kabla sijaangalia kama ni ndogo, najiuliza: naweza kuiacha ghafla? Ndani ya treni utadaiwa tiketi, utampisha anayekwenda chooni, utapakatishwa mtoto wa jirani bila hata kuulizwa. Kitambaa cha kochi chenye maua, kile cha kuhesabu minyororo mitano, ruka viwili, fuma vitatu, kinaingia kwenye pochi vizuri tu, lakini ukikatizwa mara mbili unaanza kufumua. Hicho kibaki nyumbani.

Mimi nabeba kofia ya mtoto mchanga. Gramu 50 za uzi zinatosha. Kwa sindano za milimita 4 naanzisha vitanzi 72, pindo la kuvutika la viwili mbele viwili nyuma kama sentimita tatu, halafu mbele tupu, nazunguka na kuzunguka mpaka nifike pa kupunguza utosini. Mikono inakwenda, mdomo unapiga soga.

Sindano ziwe zile mbili zilizounganishwa kwa waya. Ndefu zilizonyooka zitamchoma jirani mbavuni, na moja ikidondokea chini ya mizigo ya watu, kazi imeishia hapo. Za mianzi nazipenda kuliko za chuma, maana vitanzi haviponyoki ovyo behewa likiyumba. Wa kroshia, wanaofuma kwa sindano moja ya ndoano, wana nafuu yao: kitanzi ni kimoja, unakichomeka pini, unasinzia.

Rangi nyeusi usithubutu. Jua likizama, taa ya behewa haikuoneshi kitanzi hata kimoja. Chukua manjano au samawati.

Uzi wenyewe nautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kifuniko cha plastiki nimekitoboa kwa msumari wa moto, ili ukingo wa tundu uwe laini usikwaruze uzi. Uzi unatokea hapo, donge linacheza humo humo. Mkasi mdogo na sindano ya kushonea navibandika kwa utepe wa gundi ndani ya kifuniko, kwa sababu nimeshawahi kufika na kofia isiyo na utosi.

Safari iliyopita nilimaliza kabla ya Kaliua. Mama aliyekaa mbele yangu akaichukua, akamvisha mwanawe wa miezi sita, ikakwama juu ya nyusi kama kifuniko cha chupa. Tukacheka behewa zima. Nikaifumua yote, nikaanzisha vitanzi 84, na tulipoingia Tabora ilikuwa imefika masikioni.