Apdeti Iliyoshushwa Bado Haijaingia Kazini: Kwa Mdogo Wangu Unayeanza TEHAMA

Wiki yangu ya kwanza kazini niliambiwa nihakikishe kila kompyuta ya ofisi ina toleo jipya la kivinjari cha Chrome. Zilikuwa arobaini na tatu. Nilizipitia moja baada ya nyingine, kila mahali nafungua folda ambamo Chrome imesakinishwa, nikiona namba mpya naweka vema kwenye daftari. Jioni nikamwendea bosi kifua mbele: "Mzee, zote tayari."

Kesho yake fundi wetu mkuu, mtu wa maneno machache, aliniita kwenye meza ya mhasibu. "Shikamoo mama, tukusumbue dakika moja." Akaandika chrome://version pale juu panapoandikwa anwani, akabonyeza, akanigeuzia kioo. Namba iliyotokea ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Sasa wewe ulitiki nini?"

Nilitiki kilichoshushwa. Kwenye Windows, Chrome haisubiri uache kazi. Hushusha toleo jipya kimyakimya na kuliweka kando ya lile linalotumika. Ukichungulia wakati huo utakuta folda mbili zenye namba tofauti, na faili liitwalo new_chrome.exe limekaa kama mchezaji wa akiba. Haliingii uwanjani mpaka kivinjari kifungwe chote na kufunguliwa upya. Na mama yule tulipomuuliza alikifunga lini, alicheka. Jioni hufunika laptop, asubuhi huifunua. Kifuniko kikishuka kompyuta husinzia tu, haizimi, kwa hiyo Chrome iliyokuwa mbele yake ni ile ile aliyoifungua wiki ya mishahara. Siku hiyo nilifuta vema thelathini na moja kwenye daftari langu.

Wengi mnakuja fildi mmeshiba hadithi za siku sifuri, yaani tundu la usalama kwenye programu ambalo wavamizi wanalitumia kabla mtengenezaji hajajua kama lipo, hivyo hakupata hata siku moja ya kujiandaa. Zipo kweli. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba imevamiwa, na ikabainika kuwa wavamizi walitumia tundu la namna hiyo kwenye Internet Explorer. Microsoft ilitoa kiraka, yaani apdeti ya kuliziba, tarehe 21 mwezi huohuo, na kabla hakijatoka Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zimeshawashauri watu wao watumie kivinjari kingine. Lakini tundu la hivyo ni mali ya bei mbaya, na mwenye nalo haliharibu kwa kulitumia kwenye ofisi inayonunua karatasi na wino wa printa. Kinachotufikia sisi kwa kawaida ni makombo: tundu ambalo kiraka chake kimeshatoka.

Hapo ndipo wageni wa kazi hii hukosea hesabu. Wanadhani kiraka kikitoka hatari imepungua. Kwa aliyekivaa, sawa. Kwa ambaye hajakivaa imeongezeka, maana kiraka chenyewe ni ramani. Mtu anayejua kazi huweka toleo la zamani na jipya bega kwa bega, akatazama mistari iliyobadilika, na mistari hiyo humpeleka moja kwa moja penye tundu. Kwa Chrome hana hata haja ya kuhangaika sana, kwa sababu msimbo wa Chromium, ambayo Chrome imejengwa juu yake, uko wazi kwa kila mtu na marekebisho huonekana humo kabla hayajafika kwenye kompyuta za watu. Google walipoanza kutoa viraka vya usalama kila wiki, Agosti 2023, sababu waliyoitaja ni hiyo: kufupisha muda kati ya marekebisho kuonekana hadharani na marekebisho kumfikia mtumiaji. Wao wanapigania siku, mhasibu wetu anawaongezea wiki tatu.

Tundu lenyewe linafananaje? Utakutana sana na kosa la kutumia kumbukumbu ya kompyuta iliyokwisha kuachiwa, basi lielewe vizuri mara moja. Chukua gesti. Juma amepanga chumba namba 12, na mapokezi wameandika kwenye karatasi: mzigo wa Juma upelekwe chumba namba 12. Juma anaondoka, anarudisha ufunguo, chumba kinahesabiwa kitupu. Ile karatasi hakuna aliyeichana. Mvamizi anakuja haraka na kupanga chumba hichohicho. Mzigo ukifika, mhudumu anasoma karatasi, anapanda ngazi, anagonga namba 12 na kumkabidhi aliyefungua mlango. Kivinjari nacho kinagawa vyumba hivyo, yaani nafasi za kumbukumbu, mara nyingi mno kwa sekunde, na JavaScript, ile programu inayokuja ndani ya ukurasa, inaruhusiwa kuomba vyumba inavyotaka. Kazi ya mvamizi ni kupatia wakati: amfanye Juma aondoke, kisha awahi yeye chumba kabla karatasi haijasomwa. Mwaka 2020 watu wa Chromium walisema takriban asilimia 70 ya matundu yao makubwa ya usalama yalitokana na makosa ya kumbukumbu, na mengi yao yalikuwa ya jamii hii.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanaoanza ni wa Firefox, Oktoba 2024, kwa sababu tarehe zake zinasema zenyewe. Damien Schaeffer wa kampuni ya usalama ya ESET aliripoti kwa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, tarehe 8 kosa la chumba namba 12 kwenye sehemu ya Firefox inayosimamia uhuishaji wa kurasa. Tarehe 9 Mozilla ilitoa toleo 131.0.2. Kutoka kuripotiwa hadi kiraka ni kama saa 25, na kwa programu kubwa kiasi kile hiyo ni mbio. Waliokuwa wakilitumia tundu ni kundi linaloitwa RomCom. Walitengeneza kurasa zenye anwani zinazofanana na za tovuti halali. Ukifika unapitishwa kwenye seva yao, tundu linafanya kazi yake, kisha unasukumwa hadi kwenye tovuti ya kweli. Hubofyi kitu, hukubali kitu, na mwisho unaona ukurasa uliokuwa unautaka. Sasa tazama: ESET waliona watu wakifika kwenye kurasa zile kati ya tarehe 10 Oktoba na 4 Novemba, wengi wao Ulaya na Amerika Kaskazini. Yaani kuanzia siku moja baada ya kiraka. Aliyekuwa amefunga na kufungua Firefox yake alipita salama bila kujua. Aliyekuwa bado na ile ya zamani alikuwa mlango wazi.

Kuna kipande cha pili kwenye kisa hicho. Kuvunja Firefox pekee hakukuwatosha. Vivinjari vya leo huendesha kurasa ndani ya kizimba: sehemu inayosoma ukurasa hainyang'anyi faili zako wala haisakinishi programu, imefungiwa humo na haki zake chache. Kwa hiyo RomCom walihitaji tundu jingine la kutokea kizimbani, wakalipata ndani ya Windows kwenye huduma ya kupanga kazi zinazojiendesha kwa saa maalumu. Microsoft ililiziba tarehe 12 Novemba. Ndiyo maana nakwambia usimcheke anayesasisha Windows na kusahau kivinjari, wala anayefanya kinyume chake. Mnyororo una pingili mbili, na ukikata yoyote mvamizi amekwama.

Kivinjari pia hukaa mahali usipokiita kivinjari. Septemba 2023 kosa moja kwenye maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ya kusoma picha za aina ya WebP liliitikisa Chrome, Firefox na Edge kwa mkupuo, na Chrome ilizibwa tarehe 11 na Firefox tarehe 12. Lakini programu nyingi za mezani zimejengwa juu ya Electron, ambayo ndani yake ni Chromium ile ile, na kila moja ilibidi ingoje apdeti ya kwake. Kwenye simu za Android kuna WebView, inayofungua kurasa ndani ya programu nyingine. Hiyo hupata apdeti kupitia Play Store, na mtu aliyezima apdeti zote ili asiliwe bando ameizima na hiyo. Sisemi anakosea kuokoa bando. Nasema umwonyeshe jinsi ya kuiruhusu hiyo moja ishuke akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Tatizo gumu zaidi la kazi hii ni vile vijisehemu vya juu vya kivinjari. Chrome ya Kiswahili inaviita vichupo, ofisini kwetu wanasema tabu, na jina limewakaa. Mtu ana tabu hamsini wazi, kila moja ni kazi aliyojiahidi kuimaliza. Ukimwambia afunge kivinjari anasikia unamwambia asahau. Usimhubirie habari za wavamizi. Mwonyeshe kwenye mipangilio pale pa kuchagua Chrome ianze alipoishia, ifunge na kuifungua mbele ya macho yake, tabu zake zirudi zote. Akishaona mara moja, wiki ijayo anafunga mwenyewe. Mhasibu wetu ndiye sasa anayewakumbusha wenzake kila Ijumaa kabla ya kutoka, na sauti yake inafika kuliko yangu.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato. Niliandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, kwa herufi kubwa: APDETINI BRAUZA ZENU LEO. Mchana kijana wa masjala akaniita. "Kaka, nimeapdeti kama ulivyosema, ila imegoma kumalizia." Alikuwa anasoma habari za mpira, ukurasa ukafunikwa na tangazo lenye nembo ya Chrome likimwambia brauza yake imepitwa na wakati. Akabonyeza, likashuka faili la zipu, na ndani yake faili moja linaloishia na .js, yaani programu inayojiendesha ukiifungua. Mungu saidia alikuwa hajalifungua, alikuwa ananisubiri mimi nimalizie. Tangazo langu ndilo lililomwandalia njia mwizi. Tangu hapo nikimwambia mtu aapdeti namwambia na mlango: nukta tatu za juu kulia, Usaidizi, Kuhusu Google Chrome. Ukurasa wa tovuti haujawahi kuwa na kazi ya kusasisha kivinjari, hata uwe na nembo gani. Na kama ukurasa unamtaka athibitishe kuwa si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha abandike kitu na kubonyeza Enter, aondoe mikono kwenye kibodi akuite. Alichobandika ni amri, naye ndiye anayeiendesha kwa mkono wake mwenyewe.

Viendelezi, zile programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, navyo nitavisema kwa kifupi, ingawa vinastahili siku nzima. Krismasi ya 2024 wavamizi walimtumia mfanyakazi wa kampuni ya Cyberhaven barua pepe ya uongo, akatoa idhini asiyopaswa kuitoa, nao wakapandisha toleo chafu la kiendelezi cha kampuni kwenye duka la Chrome. Likajisambaza lenyewe kwa watumiaji kama apdeti ya kawaida, likawinda vidakuzi, vile vinavyomfanya mtu abaki ameingia kwenye akaunti yake, hasa vya akaunti za matangazo ya Facebook. Hapo hakukuwa na chumba namba 12 wala kizimba kilichovunjwa. Kila kiendelezi ambacho mtu hakitumii, mwondolee.

Ukikuta kompyuta ya Windows 7, nazo bado zimejaa kwenye steshenari na ofisi za mikoani, usipoteze muda kuangalia kama Chrome yake ni mpya. Toleo la mwisho kwa Windows hiyo ni 109, la Januari 2023. Matundu yaliyokuwamo humo na yakaja kuzibwa kwenye matoleo ya baadaye yako wazi kwenye mashine ile. Andika barua ya kuomba ibadilishwe, na mpaka barua ijibiwe usiruhusu mtu afungulie humo barua pepe wala benki.

Halafu kuna kosa ambalo nitakuwa nimekuficha nisipolisema. Chrome ikijifungua upya inarudisha tabu zote isipokuwa zilizokuwa kwenye dirisha la hali fiche (incognito). Nilikuwa najua. Ijumaa moja, saa kumi jioni, nikafika kwenye kompyuta ya afisa manunuzi, yeye ametoka kunywa chai. Nikafunga, nikafungua, namba mpya ikatokea, nikatiki. Akarudi, akasimama nyuma yangu, akatazama kioo kwa muda. Alikuwa amejaza fomu ya zabuni kwenye dirisha fiche, kwa sababu ule mfumo ulikuwa ukimchanganyia akaunti zake mbili, na alikuwa amefika mstari wa sitini na mbili bila kuhifadhi.

Hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akanipa makabrasha, akasema, "Kaa hapa, unisomee." Tulitoka saa mbili usiku.