Ulimwengu unapanuka ndani ya nini?

SWALI: Ustadhi, asalamu aleikumu. Kijana wangu wa sekondari hapa Malindi kaandika kwenye insha: "Ulimwengu unapanuka ndani ya anga na galaksi zinakimbia." Mwenzake kamwambia "anga" ni kosa, aseme "nafasi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Waaleikumu salamu. Juu ya anga na nafasi sigombi. Anga ni letu, lina undugu na mwanga. Nafasi ina asili ya Kiarabu. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, ilikwenda angani, si "nafasini". Kijana abaki na anga lake.

Kinachoniudhi ni hiyo "ndani ya". Siku hizi inabandikwa popote: ndani ya Lamu, ndani ya mwezi wa Julai. Huko huumiza masikio tu. Kwenye ulimwengu huharibu maana, kwani ndani hudai chombo, na chombo hudai nje. Newton angeridhika: kwake anga lingekuwapo hata vitu visingekuwapo. Mwanafalsafa Leibniz, katika barua alizoandikiana na Clarke, mtetezi wa Newton, mwaka 1715 na 1716, alikataa. Kwake anga ni mpangilio tu wa vitu, kipi kiko wapi kwa kingine. Tangu Einstein, mwaka 1915, anga lenyewe lina umbo linalobadilishwa na maada na nishati. Linaweza kutanuka bila kuwa na pa kutanukia. Walimu hupenda mfano wa unga wa mahamri uliotiwa zabibu: ukiumuka, zabibu huachana. Mfano mzuri, ila unga huumukia bakulini, na mwanafunzi huondoka na bakuli kichwani.

"Zinakimbia" ni balaa zaidi. Galaksi zilizo umbali wa megaparseki moja, yaani miaka ya nuru milioni 3.26 (mwaka wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja), huachana kwa takriban kilomita 70 kwa sekunde. Umbali ukiwa maradufu, kasi nayo maradufu. Ukipita miaka ya nuru kama bilioni 14, hesabu inaipiku kasi ya nuru yenyewe! Sema zinakimbia, umevunja fizikia, kwani hakuna kinachokimbia angani kikaipita nuru. Sema zinaachana, hukuvunja kitu: umbali ndio unaokua. Andromeda, galaksi jirani iliyofungwa nasi kwa mvutano, hiyo inakuja kweli, kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde.

Basi aandike: "Ulimwengu unapanuka, na makundi ya galaksi yanaachana." Nukta. Huyo mwenzake akishikilia nafasi yake, mwachieni; nimeshazoea mabaya zaidi.