Kidoa unachokiona ukichungulia kamera, kiache hapo hapo

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji. Hakuna salamu, hakuna habari za siku nyingi. "Kaka, kamera yangu imeingia uchafu. Nikichungulia naona kidoa cheusi na kitu kama unywele. Kesho asubuhi nina kazi. Nisafishe na nini?" Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa na usiku kama huo, ila sikuwa na wa kumwandikia.

Nilimjibu kwa ufupi: usiguse kitu, kalale, kesho kapige kazi. Leo naeleza kwa kirefu, maana somo hili nililipia.

Kamera yangu ya kwanza ya maana ilikuwa DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo ndani) ya mtumba. Wewe unayenisoma hapa unaijua ile hali: kamera inalala karibu na mto, unaamka usiku kuishika tu. Sasa siku moja nimebandika jicho, naona kidoa, juu upande wa kulia. Kilikuwa kidogo kama nukta ya kalamu. Tangu nilipokiona, sikuona kingine. Mtu anatabasamu mbele yangu, mimi nakitazama kidoa.

Nikavua lenzi, nikapuliza kwa mdomo. (Usinicheke, na wewe umeshafanya.) Mate yakaruka, kidoa kimoja kikawa na wenzake watatu. Hapo ndipo akili ilipohama. Nikachukua kijiti cha pamba cha masikioni, nikakichovya kwenye spiriti, nikasugua kile kioo cheupe-cheupe kinachoonekana juu ukichungulia ndani ya kamera. Haikufika hata nusu dakika. Nilipochungulia tena, pale palipokuwa na kidoa palikuwa na ukungu wenye umbo la mwezi mwandamo, na katikati yake nyuzi mbili za pamba zimenyooka, fokasi safi kabisa.

Kumbe kile si kioo. Ni plastiki laini, ina mistari ya duara myembamba kuliko jicho linavyoweza kuhesabu, na uso wake umefifishwa makusudi ili taswira itue juu yake. Ukiisugua umeikwaruza. Ukiipaka kitu chochote cha majimaji au mafuta ya kidole, kinazama kwenye ile mistari na hakitoki tena. Kwa hiyo vumbi lilikuwa la muda, lakini usafi wangu ulikuwa wa kudumu.

Fundi niliyempelekea alimwita mwenzake aje ajionee. Wakacheka wote wawili, mimi nimesimama pale pale. Akabadilisha ile plastiki kwa dakika chache, akapokea chake, na hakuniambia hata neno moja kuhusu nilichokosea. Kicheko kile bado ninacho. Haya ninayokuandikia nimeyatafuta mwenyewe, ili fundi wa aina ile akukose.

Sikiliza sasa. Mwanga ukiingia kwenye lenzi unakuta kioo kimelala mshazari, nyuzi 45. Kioo hicho kinaurusha juu kwenye ile plastiki ya fokasi, unazunguka kwenye prizimu (kipande cha kioo chenye pembe), unatokea jichoni mwako. Ukibonyeza, kioo kinainuka na kuupisha, shata (lile pazia la mbele ya sensa) inafunguka, mwanga unakwenda moja kwa moja nyuma kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha. Kidoa chako kimekaa kwenye ile njia ya juu, picha yako inapita njia ya nyuma. Kidoa hakiijui picha na picha haikijui. Unataka uhakika? Zungusha kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha macho kando ya kitundu cha kuchungulia. Kidoa kikififia na kuwa kikali tena pamoja na alama za fokasi, basi kiko juu kwenye plastiki. Umemaliza uchunguzi.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba vumbi linaloharibu picha huwezi kuliona ukichungulia. Baada ya aibu ya fundi nikawa mtu wa kitundu kisafi. Nachungulia, kinang'aa, nafurahi. Nikapata kazi ya kupiga jengo, nikafunga lenzi mpaka f/16, yaani tundu lake nikalifanya dogo, ili kila kitu kionekane kikali, anga juu limetulia bila wingu. Mteja alipopokea picha aliuliza swali moja: "Hawa ni ndege?" Vilikuwa vivuli vya vumbi kwenye sensa, saba, na viko kwenye kila picha ya siku ile, mahali pale pale. Ukipiga na f/2.8, tundu likiwa wazi, vivuli vya namna hiyo husambaa hadi visionekane, ndiyo maana kwenye picha zangu za watu sikuwahi kuviona.

Kwa hiyo hofu yako ihamishie kwenye sensa. Kila kabla ya kazi kubwa mimi napiga ukuta mweupe: f/22, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya chini, fokasi nimeiharibu makusudi, mkono natikisa kidogo. Ukuta unakuwa rangi tupu, na kilichobaki cheusi ni vumbi. Kumbuka taswira hutua kwenye sensa kichwa chini, kwa hiyo doa la juu kwenye picha chembe yake iko chini kwenye sensa. Kamera nyingi siku hizi hujitikisa zenyewe kuangusha vumbi, jambo lililoanza na Olympus E-1 mwaka 2003, lakini mtikisiko huo ni wa sensa. Kule kwenye kitundu haufiki.

Na kama kidoa cha kitundu kinakunyima usingizi kabisa? Kipulizio cha mpira, kile cha kubinya kwa mkono. Kamera itazame chini ili kinachong'oka kidondoke, puliza mara mbili tatu, rudisha lenzi. Kikibaki, kiache. Si mdomo. Si gesi ya kopo, maana inaweza kutema maji yake ndani. Si pamba. Si kitambaa, hata kile laini, kwa sababu hata kile kioo cha mshazari utando wake unaoakisi uko usoni, hauna kioo mbele cha kuukinga. Pamba narudia: hapana. Vijana tunapenda kushika-shika, tunaona mpiga picha hodari ni yule mwenye kifaa kinachong'aa, kumbe umeharibu jicho la kamera kwa sababu ya chembe isiyomdhuru mtu.

Wenye kamera zisizo na kioo, kitundu chenu ni skrini ndogo. Pangusa kile kioo cha nje tu, na msikiache kikitazama jua. Lenzi yake hukusanya miale na kuunguza skrini ndani.

Yule msomaji amejibu leo, nikiwa katikati ya kuandika haya. Kazi aliipiga, mteja ameridhika. Ila anasema alipofika nyumbani aliona ajaribu kidogo na tishu yenye maji, na sasa anauliza ule ukungu utaondoka lini.