Jibu: Seli shina za glioblastoma zinashikamana chini ya chupa

Mkuu, kama seli zako za glioblastoma (saratani ya ubongo) zimeacha kuunda vidonge (vimpira vya seli vinavyoelea) na zinajilaza chini ya chupa, mtuhumiwa wa kwanza ni seramu (majimaji ya damu ya mnyama yanayowekwa kwenye chakula cha seli): huzifanya zikomae na kupoteza ushina. Iondoe kabisa. Weka B27 (kirutubisho mbadala wa seramu) pamoja na EGF na bFGF (protini za kuchochea ukuaji), kila protini nanogramu 20 kwa mililita, ukiziongeza kila siku 2 au 3, maana bFGF huharibika upesi kwenye nyuzijoto 37. Vidonge vitenganishe kabla katikati yake hapajawa peusi.

Kuhusu kupima umetaboli (jinsi seli zinavyotumia chakula kupata nishati), DMEM (majimaji ya kukuzia seli) ya glukosi nyingi ina milimoli 25 za glukosi kwa lita. Damu ina kama 5 tu. Ukipimia humo unapima seli zilizovimbiwa. Shusha glukosi, na oksijeni pia. (B27 ina insulini nyingi, nayo huvuruga vipimo.)