Rungu au kalamu? Jibu langu kwa swali la wiki

Mmeuliza: ufashisti ulipopanda Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wa kulaumiwa zaidi ni nani, mwenye rungu au mwenye kalamu? Mimi nimekulia Ngara. Aliyekuwepo miaka ile ya Benaco, kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, anajua kwa nini siwezi kulipita swali kama hili. Kwetu ukitaja RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji hayo, huhitaji kueleza. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo tayari: mwenye kalamu.

Jibu hilo nililipata kidato cha tano. Badala ya kutupa hoja za kukariri, mwalimu wetu wa historia alitugawa makundi mawili. Moja liwe chumba cha habari cha Avanti!, gazeti la chama cha Wasoshalisti. Jingine liwe Il Popolo d'Italia, gazeti ambalo Mussolini, kiongozi wa mafashisti, alilianzisha Novemba 1914 baada ya kuachia uhariri wa hilohilo Avanti!. Habari ya kuandika ni moja: Milano, 15 Aprili 1919. Ubaoni aliandika yaliyotokea. Wafanyakazi wamegoma na kuandamana. Wafuasi wa Mussolini, wakiwa na wanajeshi wa Arditi, vikosi maalumu vya mashambulizi vya wakati wa vita, wamepambana nao mjini, kisha wamevamia ofisi za Avanti!, wamevunja mitambo na kutia moto. Watu wanne wamekufa. Kibao cha gazeti kimeng'olewa na kupelekwa kwa Mussolini kama ngawira.

Mimi nilipangwa Popolo d'Italia. Tulianza na mgomo. Aya ya pili tukaweka bendera nyekundu na hofu ya wenye maduka. Ya tatu, askari waliotoka vitani wakakuta wanadharauliwa. Moto tukauacha hadi aya ya mwisho, na aliyeuwasha hatukumtaja. Hakukuwa na sentensi hata moja ya uongo. Mwalimu akaisoma kwa sauti, akauliza mwenye kosa ni nani. Wengi wakajibu: waandamanaji. Na vifo vinne vilikuwa bado viko ubaoni! Akatuamuru tubadilishane makundi tuandike upya, na kengele ikalia sijapata hata sentensi ya kwanza.

Ndiyo maana nimekuwa nikibishana na kila mtu kwamba gazeti ndilo lililoanza kuua. Ongeza na fedha: wenye viwanda walilichangia lile gazeti, na mwaka 1917 ujasusi wa Uingereza ulikuwa ukimlipa Mussolini pauni 100 kwa wiki ili Italia isijitoe vitani.

Lakini nikiandika haya nakwama kwenye kura. Novemba 1919, gazeti likiwa na umri wa miaka mitano, orodha ya Mussolini ilipata kura chini ya 5,000 Milano na haikuambulia kiti. Wasomaji alikuwa nao, wapiga kura hakuwa nao.

Nini kilibadilika? Malori. Kuanzia mwishoni mwa 1920, katika Bonde la Po, kaskazini mwa Italia, wenye mashamba walitoa fedha, na vijana wa mashati meusi, yaani vikosi vya mafashisti, wakawa wanaingia vijijini usiku. Walichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, wakapiga viongozi marungu, wakawanywesha kwa nguvu mafuta ya nyonyo mpaka wajiharie mbele ya majirani. Mara nyingi polisi walitazama tu, au walimkamata aliyepigwa. Mei 1921 waziri mkuu Giolitti akawaingiza kwenye orodha yake ya wagombea, wakatoka na viti 35. Oktoba 1922 mafashisti walipoandamana kuelekea Roma, mfalme akakataa kusaini amri ya hali ya hatari ya kuwazuia, na Mussolini akapanda treni ya usiku kwenda Roma kukabidhiwa serikali.

Basi mkinibana nichague, nasema rungu, ingawa nilipoanza kuandika sikutarajia kufika hapa. Na juu ya rungu naweka waliolilinda: Giolitti, mfalme, maofisa wa polisi. Hawa swali lenu limewaacha nje, na mimi nawalaumu kuliko wote. Mhariri naye simwondolei lawama, maana Milano mwenye gazeti na mkuu wa wapigaji alikuwa mtu mmoja. Ila Ferrara, mji wa Bonde la Po alikotawala Italo Balbo, mkuu wa mashati meusi wa huko, vikosi havikuwa vikingoja gazeti la Milano liwaambie nani wa kupigwa. Waliwajua wabaya wao kwa majina, na malori yalikuwa na mafuta.