Nitamlipia ada, lakini asiniambie anakwenda kujifunza kuongea

Swali lenu la wiki hii: kijana amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kapata daraja la pili, sasa anataka kusomea sanaa au habari. Mzazi, utamlipia ada?

Nitamlipia. Nasema hivyo nikiwa mtayarishaji wa vipindi vya redio hapa Tanga, ninayeletewa wanafunzi wa fildi kila mwaka, na nikiwa baba wa binti wa kidato cha tano ambaye ameshaanza kunitega kwa maswali ya aina hiyo wakati wa chakula. Ada nitalipa, ila asiniambie anakwenda chuo kujifunza kuongea. Kuongea anajua tangu ana miaka miwili, na mama yake ni shahidi.

Hata hao wanaokuja kwangu wote wanajua kuongea. Wanafika na sauti za kuazima kwa watangazaji maarufu wa Dar, wanavuta irabu, wanacheka kabla ya kichekesho. Kinachowatoa jasho ni kunyamaza mwenzao anapozungumza. Kuna mmoja nilimtuma soko la samaki la Deep Sea akachukue sauti za wachuuzi kuhusu bei. Akarudi, akakaa kwenye kompyuta, akakata, akaniita nisikilize. Mama mmoja anasikika akisema, "Boti zinarudi na samaki wengi." Basi. Na maelezo aliyoyaandika kijana ni kwamba samaki wamejaa sokoni na wananchi wamefurahi.

Nikamwambia anifungulie rekodi nzima. Kumbe yule mama alikuwa ameendelea, tena bila hata kupumzika: "lakini sisi wachuuzi wadogo hatuambulii kitu mnadani, wenye magari wanachukua matenga yote." Kijana aliiona sehemu hiyo kwenye skrini, mawimbi yake ni marefu kuliko ya ile ya kwanza, akaiondoa kwa sababu aliambiwa darasani kwamba sauti ya mhojiwa iwe fupi. Kila neno alilobakiza ni la yule mama, na habari yote ni ya uongo. Haikwenda hewani. Nilimrudisha sokoni, nikamkumbusha na kipaza sauti akiweke shubiri moja kutoka mdomoni na ageuze mgongo upande wa bahari, maana rekodi ya kwanza nusu yake ilikuwa upepo.

Kazi yetu ni hiyo. Mwandishi anakata, mchora katuni anakata, mwongozaji wa filamu anakata, na ofisa mawasiliano wa mamlaka ya maji anayeandika tangazo la mgawo anaamua kipi kitangulie na kipi kifichwe chini. Mtu anayesomea fani hizi anasomea namna ya kupunguza maneno na sura za watu bila kuwageuzia maana. Kamera na programu za kuhariri fundi mzuri atakufundisha kwa mwezi mmoja, na ukimaliza chuo zitakuwa zimeshabadilika.

Kwa hiyo sioni haja ya kumsimamisha kijana njia panda, achague sanaa ama achague habari. Kwetu vitu hivi havijawahi kukaa mbalimbali. Mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama (wengi tulimsoma shuleni kama Penina Muhando), walianza kazi katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba. Hawakubeba mchezo ulioandikwa chuoni kwao Mlimani wakaenda kuwaonyesha wanakijiji. Walikaa nao, wakauliza yanayowasumbua, wenyeji wakayatungia ngoma na maigizo kwa mitindo yao, wakayacheza mbele ya wenzao, na baada ya mchezo ukafuata mjadala. Wasomi wanaiita sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mimi mtu wa redio nikiitazama naona kipindi cha mjadala kilichokosa mtambo wa kurushia tu.

Mtambo ulipatikana baadaye. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wa umri wangu hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila anakopita, wala mkewe Tunu, aliyevumilia hadi akafika mwisho akaamua kujitafutia maisha yake. Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua wakati ule ni kwamba hadi 1995 mchezo huo haukusikika Dodoma. Kituo cha huko kilirusha vipindi vingine katika saa hizo, kwa makusudi, ili watafiti, mmoja wao Everett Rogers wa Marekani, wawalinganishe waliousikia na wasiousikia. Matumizi ya uzazi wa mpango yakaonekana kupanda zaidi kulikosikika mchezo, na Dodoma nayo ilipofunguliwa ikapanda. Utafiti huo leo unasomeshwa vyuoni nje ya nchi, na wanafunzi wetu wengi hawajui kwamba ulifanyika hapa, kwa sauti za waigizaji wetu.

Hebu hesabuni waliohitajika kuutengeneza: mtunzi, waigizaji, fundi mitambo, mtaalamu wa afya, watu wa takwimu waliozunguka nyumba kwa nyumba na madodoso. Nani hapo ni wa sanaa na nani ni wa mawasiliano?

Mwaka wa kwanza chuoni binti yangu atakutana na Mmarekani mwingine, Harold Lasswell, aliyeuliza mwaka 1948: nani anasema nini, kwa njia gani, kumwambia nani, na kwa matokeo gani. Nimeshawauliza wanafunzi wa fildi habari za bwana huyu. Wanamtiririsha kama kiitikio na hawajawahi kumtumia. Mwalimu mwenye ari angewapa Mkwaju wampitishe kwenye maswali hayo. Aliyekuwa akisema ni nani hasa: mtunzi, redio ya serikali, waliotoa fedha, au Mkwaju mwenyewe? Na mwanamume aliyekaa kijiweni akamcheka Mkwaju, kisha usiku akaendelea kufanya kama Mkwaju, tumwandike kwenye matokeo gani? Nadharia ikifundishwa namna hiyo, darasa halisinzii hata saa nane mchana.

Kuna ndugu zangu wanaosema kipaji hakisomewi, na ushahidi wao mkubwa ni Tingatinga. Alisoma wapi? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar, kwenye mbao nyembamba za kuezekea dari, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akauza kwa wageni Oysterbay. Kweli hakukaa kwenye darasa la sanaa. Lakini katika miaka ile michache kabla ya kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa ameshakusanya vijana, wengi wao ndugu, wanakaa pembeni yake, wanachanganya rangi na kuchora anavyochora. Hicho ni chuo, kina mwalimu na kina mazoezi kutwa. Somo ambalo lingewafaa wale vijana na ambalo leo lazima lifundishwe ni la haki za kazi. Mtindo wa kuchora haulindwi na hakimiliki. Picha yenyewe inalindwa. Tofauti hiyo ndogo msanii mwingi anaijua siku anapokuta ndege aliowachora wamechapwa kwenye fulana za watu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, si ndefu kihivyo, na bado napokea waliohitimu ambao hawajawahi hata kuishika.

Vyuo navitaja haraka, mtafuatilia wenyewe. Mlimani pana sanaa za ubunifu, na pana Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, ambayo mizizi yake ni kile chuo cha uandishi cha 1975. Mwanza kuna SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, iliyoanza Nyegezi mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo kilichoanzishwa na mapadri wa White Fathers na kuwa chuo kikuu 1998. Bagamoyo kuna TaSUBa, zamani Chuo cha Sanaa, tangu 1981: ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchongaji. Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA, tangu 2002, ambako kijana anaweza kujifunza kupiga ala za kanuni au udi kwa mwalimu aliyekulia kwenye taarab.

Nikienda na binti kukagua, sitaanza na majengo. Nitauliza vinasa sauti viko vingapi na wanafunzi ni wangapi, na vinaazimwa hadi saa ngapi jioni. Kama chuo kina redio, kama zilivyo za Mlimani na SAUT, nitauliza ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi anakuwa hewani na nani anamsahihisha akikosea. Nitaomba kuona kazi za waliomaliza mwaka uliopita. Chuo kikinionyesha picha za mahafali badala ya kazi, nitashukuru kwa soda tutaondoka.

Mhariri wenu akiniuliza kuhusu hela, nitamjibu bila kupamba. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zilizofuata, mwandishi anatakiwa awe na elimu ya walau stashahada, kwa hiyo mlango wa kuingilia na cheti cha kidato cha nne na sauti nzuri umefungwa. Elimu imepandishwa, malipo yamebaki palepale. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na isiyotoka ni hasara ya nauli yako. Hapo ndipo bahasha inapopata nguvu: mwenye semina anakupa nauli, nawe unajikuta unamwandika vizuri. Sijawahi kuona darasa la maadili linaloishinda njaa ya tarehe ishirini na tano, na wahadhiri wangesema hivyo waziwazi wangewasaidia vijana kujipanga. Ajira zenye mshahara wa kueleweka ziko zaidi kwenye vitengo vya habari vya halmashauri, mamlaka za maji, hospitali na mashirika, na huko anayetakiwa ni mtu anayeweza kuandika, kupiga picha, kutunga mchezo mfupi wa redio na kukaa na wanakijiji chini ya mwembe bila kuangalia saa. Wale wa sanaa za maonyesho wanaokuja kwangu kwa kubahatisha huwa wananifaa upesi kuliko wa habari, kwa sababu wamezoea kumsubiri mwenzao amalize sentensi yake.

Mama yake anataka asomee ualimu, awe na kitu mkononi. Sijabishana naye, Kiswahili na sanaa za maonyesho vinakaa vizuri kwa mwalimu pia.

Kabla hatujajaza fomu yoyote, binti nimempa kazi ya likizo ya Desemba. Atachukua simu yake, atamrekodi mtu mzima mmoja nusu saa akieleza kazi aliyoifanya maisha yake, ataandika yote neno kwa neno, kisha ataipunguza hadi dakika tatu na kumrudishia mwenyewe asikilize. Mwenyewe akisema "mimi sikusema hivyo", anaanza upya. Ameniomba aanze na rafiki yangu fundi majahazi, mzee mpole asiyemkatalia mtu kitu. Nimemwambia aanze na bibi yake mzaa mama.