Fremu mbili, buti moja la basi: chuma au kaboni?

Septemba 2025 tulitoka Arusha watu wawili, mimi na mwenzangu wa Usa River, kwenda Kigali kushuhudia mashindano ya dunia ya baiskeli. Ilikuwa mara ya kwanza yanafanyika Afrika, na hakuna aliyeweza kutushawishi tubaki nyumbani tukatazame kwenye simu. Tulibeba na baiskeli zetu ili asubuhi, kabla barabara hazijafungwa, tuvionje vile vilima. Yangu ilikuwa ya kaboni, yake ya chuma. Tulitoa magurudumu, tukazilaza kwenye buti la basi, yangu juu ya yake, kadibodi katikati. Njiani mizigo mingine ikaongezwa: magunia, na kitu kizito chenye pembe ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini.

Mpakani Rusumo tuliposhusha mizigo kwa ukaguzi tukaona fremu ya mwenzangu imebanwa nyuma kiasi kwamba gurudumu halikuingia tena mahali pake. Yangu ilionekana nzima, rangi haikuwa hata na mkwaruzo wa maana. Nilimshukuru Mungu, nikampa mwenzangu pole.

Jioni ile, Kigali, fundi mmoja wa mtaani aliipokea ile fremu ya chuma. Alifunga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, akaupitisha mbele ya shingo ya fremu, akaurudisha nyuma mpaka upande wa kulia. Halafu akapima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Upande mmoja ulikuwa umeingia ndani. Akauvuta kwa mikono, akapima, akavuta tena, mpaka uzi ukalingana pande zote mbili na nafasi ya gurudumu ikarudi milimita 130 kama inavyotakiwa. Haikuchukua hata saa moja. Kesho yake alfajiri mwenzangu alikuwa anapanda Kimihurura, kile kilima cha Kigali chenye barabara ya mawe.

Mimi nilifunga magurudumu yangu nikapanda naye, na kwenye kilima cha kwanza nikaanza kusikia mlio, tik, tik, kila nikikanyaga kwa mguu wa kushoto. Nikashuka, nikatoa sarafu, nikaanza kuigonga fremu taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Kaboni nzima ukiigonga inajibu kwa sauti kavu, kali. Nilipofika kwenye bomba jembamba la nyuma, lile la chini upande wa kushoto, sauti ilizama kama nagonga kadibodi iliyolowa. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikaona ufa mwembamba kama unywele. Sikuipanda tena. Siku Tadej Pogačar, yule Mslovenia, aliposhinda mbio za wanaume nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara, nina furaha ya kuyaona hayo katika ardhi yetu, na moyo unaniuma kwa ajili ya fremu niliyoilipia kwa miezi kumi na minne.

Tangu hapo, kijana akinijia na swali la "Kaka, nichukue chuma au kaboni?" huwa simjibu kabla hajanijibu mawili yangu: baiskeli yako inasafiri vipi, na ikiumia utampelekea nani?

Chuma kikizidiwa kinapinda. Kinakupa taarifa. Rangi inakunjamana, gurudumu linakaa upande, unaona kwa macho kwamba kuna jambo, na mara nyingi bado unafika nyumbani. Kaboni imejengwa kwa matabaka ya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, na mtengenezaji amezilaza kuelekea kule nguvu zinakotarajiwa kutoka: miguu yako, uzito wako, mashimo ya barabara. Kwa nguvu hizo ni imara ajabu. Lakini gunia linaloibana kutoka ubavuni hakulipigia hesabu. Matabaka yanaachana ndani, juu rangi inang'aa vilevile. Usiwaamini wanaosema kaboni inayeyuka juani au inachoka baada ya miaka miwili. Ikitunzwa inadumu miaka mingi. Kinachoiua ni pigo, kubanwa, na boliti iliyokazwa kupita kiasi.

Sasa uzito, maana ndiko kila mtu anakoanzia. Fremu nzuri ya chuma ina kilo 1.8 hadi 2.1 hivi. Ya kaboni ya mbio inacheza kwenye kilo moja, nyingine chini yake. Tuseme tofauti ni kilo moja. Mimi nina kilo 68, baiskeli 8, maji na vifaa 4: jumla 80. Kilo moja kati ya 80 ni asilimia moja na robo. Kwenye mlima mkali wa kukupandisha saa nzima, kilo hiyo inakuokolea kama sekunde 45. Ninapopanda kutoka Himo kwenda geti la Marangu na wenzangu wa Jumapili, sekunde 45 ni muda wa kumsubiri mmoja anywe maji. Kwa anayeshindana kwa ajili ya nafasi kwenye timu, sekunde hizo ni mkate wake, na huyo simwambii neno: achukue kaboni. Na kwenye tambarare umbo linalokata upepo lina faida kuliko uzito, na kaboni inafinyangwa umbo lolote mtu analotaka.

Ila tusikidharau chuma kwa uzito. Mwaka 1972, Mexico City, bingwa wa Ubelgiji Eddy Merckx aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja juu ya baiskeli ya uwanjani ya mabomba ya chuma, isiyo na breki, yenye uzito usiofika kilo 6. Leo sheria ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, hairuhusu baiskeli ya mbio iliyo chini ya kilo 6.8. Aliyemjengea Merckx ile baiskeli ni Ernesto Colnago, na Pogačar alishinda Kigali akiwa juu ya Colnago ya kaboni. Nyumba ni ile ile, malighafi ndiyo imebadilika kwa sababu kazi imebadilika. Na mara nyingi tofauti kubwa ya uzito unayoisikia mkononi dukani iko kwenye magurudumu na tairi. Fremu inalaumiwa bure.

Kuhusu ulaini wa kupanda, nilikuwa nikisema kwa ujasiri kwamba chuma kinameza mitetemo ya barabara na kaboni haimezi, au kinyume chake, kutegemea ni ipi niliyokuwa nayo mwaka huo. Nimeacha. Nilipotoka tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo wa psi 110, nikaweka za 28 kwa psi 70, zile rasta za barabara ya Moshi ziliacha kunipiga mikononi, na fremu ilikuwa ile ile. Kwa hiyo kabla hujalipa, angalia nafasi ya tairi. Fremu nyingi za chuma za mtumba zilitengenezwa kwa tairi nyembamba, na 28 inagusa. Kwa barabara zetu mimi nisingenunua fremu, ya chuma wala ya kaboni, isiyopokea 28.

Tukija kwenye chuma chenyewe, kuna chuma na chuma. Bomba la baiskeli ya kubebea maziwa na bomba la fremu ya mbio ni vitu viwili. Mabomba mazuri ni ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni) au aloi nyingine ngumu, manene mwishoni pale yanapoungana na membamba katikati, pengine nusu milimita tu. Reynolds ya Birmingham ilitoa bomba lake maarufu la 531 mwaka 1935, na Columbus ya Italia nayo ilijijengea jina kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye mtumba stika zimeshabanduka au zimebandikwa za uongo, kwa hiyo mimi natumia njia hii: chomoa nguzo ya kiti, soma namba iliyogongwa juu yake. Kwenye fremu za zamani bomba la kiti lina milimita 28.6 kwa nje. Nguzo ikiwa ya 27.2, ukuta wa bomba ni mwembamba, na hakuna anayetengeneza bomba jembamba kwa chuma hafifu. Nguzo ikiwa ya 25.4, hilo ni bomba nene, fremu nzito, hata ikiandikwa nini ubavuni. Na nguzo ikigoma kutoka kabisa, acha. Imegandana na fremu, na kuitoa ni kazi ya siku nzima ambayo mara nyingine inaishia kwa msumeno. Nenda pia na sumaku ndogo, kwa sababu wauzaji wengine kila kitu kwao ni chuma. Sumaku isiponata, mara nyingi hiyo ni aluminiamu.

Hapa niweke onyo, kwa kuwa sifa kubwa ya chuma ni kwamba kila mji una fundi wa kuchomelea. Ni kweli, lakini fundi anayechomelea mageti kwa umeme akiligusa bomba la nusu milimita analitoboa, au analiunguza pembeni ya kiungo na linakatika hapo hapo baada ya wiki chache. Muulize kama anachomelea kwa gesi na shaba. Shaba inayeyuka kwenye joto la chini kuliko chuma, inapenya kwenye kiungo bila kukiyeyusha chuma chenyewe. Mafundi wazee wa baiskeli wanaijua kazi hii. Mzee mmoja wa Moshi alinishonea hivyo fremu iliyokatika karibu na ekseli ya nyuma, na ikanibeba hadi nilipompa mdogo wangu.

Adui wa chuma ni kutu, na kutu inaanzia ndani usikoiona, pale chini ekseli ya pedali inapopita, ambako maji ya mvua na ya kuoshea yanakusanyika. Kabla ya masika chomoa nguzo ya kiti, mimina oili kidogo ndani, geuzageuza fremu izunguke kote, iache ikae kichwa chini usiku mzima. Nguzo uirudishe na grisi. Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa na Unguja nasisitiza zaidi: chumvi ya bahari ikichanganyika na jasho hailali. Mtu wa pwani asiyependa matunzo, kaboni ina hoja ya kweli kwake, kwa kuwa nyuzi hazishiki kutu.

Ukiamua kaboni, nunua mpya kwa muuzaji anayetoa dhamana, kama mfuko unaruhusu. Kwenye mtumba wa kaboni unauziwa historia usiyoijua. Ukilazimika, nenda na sarafu na tochi. Gonga kila bomba pole pole, sikiliza sauti ikibadilika. Chunguza shingo ya fremu, pale chini kwenye pedali, pale nguzo ya kiti inapobanwa, na ubavu wa bomba la juu ambako usukani unaweza kugonga baiskeli ikianguka. Fremu iliyopakwa rangi upya bila sababu ya kueleweka, iache. Uma wa mbele wa kaboni uliotumika mimi sinunui kwa bei yoyote, kwa sababu shina lake limejificha ndani ya shingo, na likikatika kwenye mteremko wa kilomita 60 kwa saa hakuna cha kushika. Halafu bajeti yako iwe na spana ya kupimia nguvu. Boliti ya nguzo ya kiti kwa kawaida inataka nyuton-mita 5 hivi, soma namba iliyoandikwa kwenye fremu yako, na mkono wa fundi aliyezoea baiskeli za mizigo unaipita namba hiyo bila yeye kujua.

Na vyovyote utakavyochagua, ukipakia baiskeli kwenye basi baada ya kutoa gurudumu la nyuma, kata kijiti kigumu kinachotosha kabisa nafasi ya gurudumu, ukikaze hapo kwa kamba. Kingegharimu dakika tano pale Arusha, na fremu zote mbili zingefika salama.

Mimi sasa napanda chuma. Nina baiskeli moja, nasafiri kwa basi, sishindani tena kwa kiwango cha kutafuta sekunde. Ningekuwa na gari na miaka 22, ningekuwa kwenye kaboni na nisingeomba radhi kwa mtu.

Ile fremu yangu ingeweza kupona. Mtaalamu anausugua ufa kwa msasa mpaka kwenye nyuzi nzima, anapanga matabaka mapya na kuyagandisha kwa epoksi. Nilitafuta karibu yangu sikumpata. Niliambiwa nijaribu watu wanaoziba boti za faiba Dar es Salaam, lakini aliyenipokea alikuwa anatumia gundi ya poliesta, ambayo haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka, na yeye mwenyewe, kwa uungwana wake, aliniambia, "Kwa kitu utakachokipanda, kaka, mimi siwezi kukuhakikishia." Wawili walikuja nyumbani wakitaka kuinunua ilivyo, mmoja akauliza kama rangi ya kopo ingeufunika ule ufa. Usiku ule niliilaza uani nikaikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma. Kipande chenye ufa nimekitundika ukutani, na anayekuja kuuliza chuma au kaboni nampa sarafu akigonge mwenyewe, aisikie ile sauti.